Injini Mpya, Njia ya Zamani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Muthurwa hata Dandora na Embakasi, gari la moshi ni mwenyeji kuliko nyumba zenyewe. Reli ilifika mahali pa Nairobi tarehe 30 Mei 1899, wakati ambapo hapakuwa na mji bali majani na maji ya kinamasi. Nyumba za wafanyakazi wa reli zikafuata, zikaitwa landi, na barabara itokayo mjini kuelekea upande huo ingali yaitwa Landhies. Makongeni nayo ilijengwa kwa ajili ya watu wa reli. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa huko hakungoja kufundishwa habari za gari la moshi darasani; aliujua mlio wa honi kabla ya kujua herufi, tena aliweza kupambanua gari la abiria na gari la shehena kwa kusikiliza tu akiwa kitandani. Jambo moja hakulijua, wala baba yake hakulijua, nalo ni hili: je, gari la asubuhi litakuja saa yake?

Swali hilo si dogo. Karani ambaye saa yake ya kuingia ofisini huandikwa kitabuni hawezi kumweleza mkubwa wake kila juma kwamba behewa liliacha njia. Mama aletaye mboga toka Ruiru akichelewa saa mbili hukuta wanunuzi wamekwisha kwenda zao, na mchicha haungoji. Ndiyo maana watu wengi hupanda matatu, ijapokuwa aghalabu nauli yake ni kubwa zaidi, wakakaa katika msongamano wa Jogoo Road huku wakinung'unika. Hawakulikimbia gari la moshi kwa sababu ya mwendo wake wa pole. Walilikimbia siku lilipowaacha stesheni mara mbili katika juma moja pasipo neno lo lote la maelezo.

Watu wakizungumza habari ya kuitengeneza reli, kwa kawaida huanza na injini. Si ajabu, maana injini huonekana. Ikishushwa bandarini hupigwa picha, na wakubwa hupanda juu yake. Wala injini si kitu cha kudharau. Katika miaka ya kwanza ya 1950 shehena ilirundikana Mombasa, na Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki likaagiza Uingereza injini 34 za namna ya Garratt, zilizoitwa za daraja la 59. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester, zikaingia kazini 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ubora wake ulikuwa katika umbo lake: bola moja kubwa liliwekwa katikati, likabebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, hata uzito ule ukagawanyika juu ya ekseli nyingi, na mwili mrefu ukaweza kupinda katika kona za njia ya upana wa mita moja. Mmoja wa majitu hayo, uitwao Mount Gelai, umewekwa katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi, na wazee waliokuwa wakiusikia ukipanda kutoka Athi River huwaleta wajukuu wao kuutazama.

Lakini kuna jambo ambalo wazee hao husahau kuwaambia wajukuu. Kila ekseli kubwa ya injini ile ilibana reli kwa uzito wa tani 21 hivi. Reli za kwanza zilizotandikwa toka Mombasa kuanzia 1896 zilikuwa za ratili 50 kwa kila yadi, nazo zisingaliweza kuvumilia mzigo wa namna hiyo hata siku moja. Kwa hiyo Garratt zile hazikutembea popote ila pale palipokuwa pamekwisha kutandikwa reli nzito zaidi. Kabla ya injini ilikuja njia.

Dizeli ilianza kuchukua nafasi ya mvuke tangu 1960, na kufikia mapema miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha. Badiliko hilo lilibadili hata namna ya kuugua kwa injini. Injini ya mvuke haikuwa na siri: maji yalivuja, mvuke ukatoka pasipotakiwa, na fundi aliona kosa akiwa bado yu mbali, ingawa kulitengeneza kulimchukua siku nzima ya nyundo na jasho. Dizeli huficha ugonjwa wake. Waya mmoja uliolegea ndani ya kasha husimamisha mabehewa thelathini katikati ya pori, na fundi akahangaika nusu siku akiutafuta, kisha akaukaza kwa dakika mbili. Hapo ndipo ufundi mpya wafaa kweli. Injini za siku hizi zaweza kubeba kompyuta ndogo inayoandika joto la maji, mgandamizo wa mafuta na mwendo wa kila mota, na kuyapeleka maandishi hayo karakana kwa njia ya simu kabla injini haijarudi. Upo pia ufundi ulio rahisi zaidi, nao una miaka mingi: kuchukua kichupa cha mafuta machafu ya injini na kuyapima. Chembe za shaba zikizidi, ni dalili kwamba bea zinalika. Maji yakionekana ndani yake, pana mahali panapovuja. Fundi huigundua hitilafu kama vile daktari agunduavyo maradhi katika damu, wakati mgonjwa angali akitembea.

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya lilinunua magari 11 ya dizeli yaliyokuwa yametumika katika kisiwa cha Mallorca, nchi ya Hispania. Huko nako njia ni ya mita moja, na magari hayo yalikuwa hayahitajiki tena kwa kuwa reli ya kisiwa ilikuwa imetiwa umeme. Yalizinduliwa Nairobi mwezi wa Novemba mwaka uo huo. Watu wengine walicheka kwamba serikali imenunua mitumba. Kicheko hicho kilishangaza kidogo katika mitaa ambayo nusu ya mashati yake hutoka Gikomba. Shati la Gikomba lililoshonwa vizuri hushinda jipya lililoshonwa vibaya. La muhimu ni kama mwenye kulivaa ana sindano na uzi wa kulitunza. Na lililowapasa watu kuuliza lilikuwa ni hili: magari hayo yatakimbia juu ya nini?

Juu ya udongo mweusi. Mtu yeyote aliyelima shamba, au aliyejaribu kujenga nyumba Umoja au Embakasi, aufahamu udongo huo. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Jua likiwaka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono. Njia ya reli iliyolala juu yake hupanda na kushuka mara mbili kwa mwaka, kama mtu apumuaye usingizini. Kokoto zilizowekwa chini ya mataruma zina kazi mbili: kushikilia njia isisogee, na kuyapitisha maji yaondoke upesi. Kokoto zikichanganyika na tope hushindwa kazi zote mbili. Maji hukaa chini ya taruma, kila gurudumu likipita hulisukuma taruma chini na kuyarusha maji yenye tope juu, na kila rusho huacha tundu kubwa kuliko la kwanza. Baada ya miezi michache kiungo cha reli kimeinama, behewa linapiga kishindo lipitapo, boliti zinalegea kwa kishindo hicho, na kulegea huko kunazidisha kishindo. Dereva hupewa amri apunguze mwendo mahali hapo. Amri ikiwekwa mahali kumi, basi gari jipya kutoka Hispania litakwenda kwa mwendo wa baiskeli.

Katika mitaa ya mashariki shida hiyo ina mama wa pili. Mitaro ya kando ya reli imejaa takataka. Mahali fulani soko limekaa juu ya njia yenyewe, nyanya zimepangwa katikati ya reli mbili, na honi ikilia wachuuzi huinua vikapu, gari hupita, vikapu vikarudi. Msomaji asiwahukumu upesi wachuuzi hao, kwa maana hawakupewa mahali pengine penye watu wapitao. Hata hivyo maji machafu yanayomwagwa pale kila jioni huozesha njia kuliko mvua ya masika, na hakuna chombo kiwezacho kuizibua mifereji isipokuwa sepetu.

Kuna karani mmoja wa serikali, akaaye Umoja, ambaye baba yake alikuwa mtu wa gengi. Mzee huyo aliingia reli mwaka 1978, mwaka ambao Shirika la Reli la Kenya lilianza baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na jamaa yake walikaa chumba kimoja Makongeni. Kazi yake ilikuwa kutembea njia. Kila siku kabla ya gari la kwanza alikwenda maili zake akiwa na nyundo ndefu, spana, bendera mbili na fataki za hatari za kuwekwa juu ya reli endapo njia imeharibika. Mataruma mengi ya njia hii yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa hula mbao, na reli ilishikwa kwa kabari za chuma zilizopigwa nyundo. Kabari hulegea kwa mtikisiko. Mzee aliipiga kila iliyoinuka, tena hakuwa akitazama tu, alisikiliza: kabari iliyoshika ilitoa mlio wa kengele, iliyolegea ilitoa mlio wa debe. Watoto wake walipokuwa wadogo walidhani baba huenda kupiga muziki.

Aliachishwa kazi pamoja na wengine wengi katika miaka ile ambayo reli ilikuwa ikitayarishwa kukodishwa. Mwezi wa Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda kwa mkataba wa miaka 25, na mkataba huo ulikatizwa upande wa Kenya mwaka 2017. Katika miaka hiyo kampuni ilileta jambo moja la ufundi lililokuwa na maana. Hapo zamani gari halikuruhusiwa kuingia katika njia ya pekee mpaka stesheni masta wa pande mbili wakubaliane, kisha dereva apewe karatasi mkononi. Karatasi yaweza kuandikwa vibaya, na stesheni masta aweza kusinzia. Katika miaka ya 2010 ruhusa zilianza kutolewa kwa kompyuta kutoka chumba kimoja Nairobi, na setilaiti zikaonyesha kila injini ilipo. Karani alipomweleza baba yake jambo hilo, mzee alisema ni vema sana kujua gari liko wapi, lakini yeye angependa kujua kabari ziko wapi.

Baba na mwana hubishana sana juu ya mambo haya, na si bure. Mwana huamini vyombo, naye ana hoja. Mwaka 1911, karibu na mji mdogo wa Manchester katika jimbo la New York, ambao si ule wa Uingereza uliotengeneza Garratt, reli ilivunjika chini ya gari la abiria na watu 29 wakafa. Wataalamu walipokichunguza chuma kile waliona ufa uliokuwa umekua ndani ya kichwa cha reli, usioonekana kwa nje hata kidogo. Mtembea-njia mwenye macho ya tai angaliupita. Kwa ajili ya maafa kama hayo mvumbuzi Elmer Sperry alitengeneza gari lililopitisha umeme ndani ya reli na kutambua mahali ambapo umeme uliyumba. Lilianza kazi 1928. Baadaye ikaja njia ya kupeleka ndani ya chuma sauti kali ambayo sikio la mwanadamu haliisikii, na kupima inavyorudi. Chuma kizima huirudisha kutoka chini kabisa. Ufa huirudisha mapema. Chombo cha namna hiyo chaweza kusukumwa na watu wawili kwa miguu, na katika siku moja huona yale ambayo nyundo haiyaoni mwaka mzima.

Baba husikiliza, kisha husema: sawa, chombo kimesema pana ufa. Nani atakwenda?

Jibu la swali hilo ndilo lililo gumu. Wajapani, ambao walifungua reli yao ya mwendo wa kasi toka Tokyo hata Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, kwa miaka mingi walikuwa na gari maalumu la rangi ya manjano lililopita juu ya njia kila baada ya siku kumi hivi, likipima unyofu wa reli na hali ya nyaya. Watu walilipenda wakaliita Daktari wa Manjano. Lakini daktari huyo hakutibu; usiku, magari yalipolala, makundi ya watu waliingia njiani na mashine na taa wakarekebisha yale aliyoyaandika mchana. Asubuhi gari la kwanza lilikuta njia tayari. Wenye kusifu Ujapani kwa vyombo vyake mara nyingi huwasahau watu wa usiku.

Mitaa ya mashariki haihitaji gari la manjano. Mtikisiko wa behewa waweza kupimwa na chombo kilicho kidogo kuliko kiberiti, chenye kujua pia mahali kilipo kwa setilaiti, na vyombo vya namna hiyo viko ndani ya simu ambazo abiria wa Embakasi huzitia mfukoni kila asubuhi. Vikifungwa viwili tu chini ya kila gari, njia yote toka stesheni kuu hata Ruiru ingekuwa inapimwa mara kadhaa kwa siku, na yule apokeaye habari angeona kwamba kiungo fulani karibu na Makadara, ambacho mwezi jana kilitikisa kidogo, sasa chatikisa zaidi. Fedha zinazotakiwa hapo ni chache mno zikilinganishwa na bei ya injini moja. Faida yake ni kwamba gengi halitatembea tena maili kumi likitafuta kosa. Litakwenda moja kwa moja penye kosa na kokoto, jeki na spana. Lakini ni lazima gengi liwepo. Ofisi yo yote itakayonunua vyombo na kuwapunguza watu wa nyundo kwa hesabu ile ile itakuwa imenunua orodha ndefu ya makosa yake yenyewe.

Kuhusu mataruma ya chuma, wezi wameingia mahali pa mchwa. Chuma chakavu kina soko, na kabari au boliti huuzwa kwa kilo bila mtu kuuliza ilikotoka. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara yote ya chuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Mataruma ya saruji ni mazito, hayaliwi na mchwa wala hayana mnunuzi. Huo nao ni ufundi mpya, ijapokuwa hauna kompyuta.

Yapo mambo mawili ambayo baba na mwana hawabishani juu yake. La kwanza ni mto. Usiku wa tarehe 30 Januari 1993 gari la abiria lililokuwa likisafiri kati ya Nairobi na Mombasa lilifika daraja la mto Ngai Ndethya, nalo daraja lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mafuriko. Watu zaidi ya 100 walikufa. Jamaa za waliokufa wamo katika mitaa mingi ya Nairobi, na wanajulikana kwa kuwa hawapendi kusafiri wakati wa mvua. Mzee alikuwa kazini mwaka ule, ingawa mbali na pale, na husema wazi kwamba hapana mtu wa gengi angaliweza kuwa kwenye kila daraja katika kila usiku wa mvua. Waya mmoja uliokatika pamoja na daraja, ukawasha taa nyekundu maili mbili kabla, ungalitosha. Hapo huikubali mashine bila sharti.

La pili ni karibu zaidi na nyumbani. Mwezi wa Oktoba 2013, asubuhi, katika makutano ya barabara na reli pale Mutindwa, gari la moshi liligonga basi lililojaa watu waendao kazini. Watu zaidi ya 10 walikufa. Karani alikuwa bado mwanafunzi. Leo watoto wake mwenyewe huvuka reli katika upande huo wakienda shuleni. Chombo cha kufanya kazi pale hujulikana sana katika nchi nyingine. Vidude viwili hufungwa kwenye reli mbali kidogo na barabara, navyo huhesabu ekseli ziingiazo. Taa nyekundu huwaka, kengele hulia na mti hushuka barabarani, na hauinuki mpaka kidude cha upande wa pili kihesabu ekseli zile zile zikitoka. Hakihitaji mtu mwenye saa wala simu.

Mzee hukisifu chombo hicho, lakini hutaka pawe na mtu karibu na mti ule kwa miaka michache ya kwanza, mwenye bendera na sauti. Anawafahamu madereva wa Nairobi: wakiona mti umeshuka na gari la moshi halijaonekana, wataupita kando. Mwana husema kwamba mtu huyo atagharimu mshahara kila mwezi. Mzee humwuliza watoto huvuka mara ngapi kwa siku. Mara nne, hujibu mwana, maana hurudi nyumbani kula mchana.